Dakta Michael Wood: Mwenye Ndege na Waendao kwa Miguu

Ndugu msomaji, ada yetu wanadamu ni kumkumbuka ajaye kwa kishindo na kumsahau ajaye kila siku. Ndege ikitua kijijini, watoto hukimbia kuitazama, wazee huacha kazi zao wakasimama, na habari yake husimuliwa miaka kumi. Lakini mama apitaye nyumba hadi nyumba na mkoba wake begani, akiuliza kama mtoto amechanjwa na kama chandarua kimetundikwa, huyo hupita akasahauliwa kabla vumbi la nyayo zake halijatulia. Leo nakusudia kumzungumzia mtu aliyekuwa na ndege, tena ndege iliyomtia jina duniani. Walakini chama alichokiasisi, naye akiwa hai na akiwa ndiye kiongozi wake, kilifikia kukiri kwamba ndege peke yake haiponyi nchi. Mtu huyo ni Dakta Michael Wood, mmoja wa waasisi wa madaktari wa angani wa Afrika ya Mashariki, aliyefariki mwaka 1987.

Kilichonitia fikra ya kuandika habari zake ni Njukini. Kwa msomaji ambaye safari zake zimekomea Voi, nitaeleza njia. Ukitoka Voi unashika barabara ya Mwatate, unapita Bura na Maktau, unaikata mbuga ya Tsavo ya Magharibi, ndipo unapofika Taveta mpakani. Kutoka Taveta unageuka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Chala, njia iendayo Illasit na Loitokitok. Huko ndiko Njukini iliko, chini ya mlima Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka ikiwa ni Rombo ya Tanzania. Ni nchi ya mashamba ya mahindi, maharagwe na ndizi, yenye maji yashukayo mlimani, na wakaazi wake ni mchanganyiko wa Wataveta, Wataita, Wakamba, Wachaga na wengineo. Tembo wa mbugani nao hujifanya wenyeji, wakaingia mashambani bila ya hodi.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa upande huo. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa, Vanga na Pangani kwenda Uchagani na Umasaini ilikuwa ikitua Taveta, ndani ya msitu wenye kivuli na chakula, kupumzika na kununua akiba kabla ya kuendelea na safari. Basi nikisema habari za Njukini kwa watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, sisemi habari za ugenini. Ni njia ya babu zetu.

Njukini pana kituo cha afya cha serikali. Lakini kituo ni kimoja na nyumba ni nyingi, na nyingine ziko mbali, kati ya mifereji na mashamba. Baina ya kituo na nyumba hizo kuna watu ambao serikali imewapa majina kadha wa kadha kwa nyakati mbalimbali, nami nitawaita kwa jina lililozoeleka: wahudumu wa afya ya jamii. Hao ndio nitakaowarudia baadaye. Kwanza natuuzunguke mlima, twende upande wake wa pili, kaskazini magharibi, mahali paitwapo Ol Molog. Huko ndiko lilikokuwa shamba la Dakta Wood, na huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia.

Michael Wood alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa karibu na mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alisomea udaktari kwao, akawa mpasuaji, na baada ya Vita Vikuu vya Pili akahamia Kenya pamoja na mkewe, Susan. Mkewe huyo hakuwa mgeni wa Afrika, kwa kuwa alizaliwa Kongo, mtoto wa wamisheni. Wasomaji wengi wanaijua kazi ya mkono wake pasi na kulijua jina lake: ndiye aliyeanzisha mwaka 1975, huko Karen karibu na Nairobi, karakana ya shanga za udongo iitwayo Kazuri, ambamo kina mama wasiokuwa na wa kuwasaidia walipata riziki yao kwa kazi ya vidole.

Dakta Wood alifanya upasuaji Nairobi miaka kadha, kisha katikati ya miaka ya hamsini akarudi Uingereza kujifunza elimu ya kurekebisha viungo vilivyoharibika. Mwalimu wake alikuwa Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyepata sifa kubwa wakati wa vita kwa kuwatengeneza nyuso na mikono marubani walioungua ndani ya ndege zao. Elimu hiyo haikuwa ya urembo. Ilikuwa ni ya kumrudishia mtu uso wake ili aweze kutoka nje bila ya haya, na kumrudishia vidole vyake ili aweze kushika kijiko na jembe.

Mwaka 1956 watu watatu walikutana pale Ol Molog: Wood, mwalimu wake McIndoe, na mpasuaji wa Kimarekani aitwaye Tom Rees. Wote watatu walikuwa mafundi wa elimu moja, na wote walikuwa wameyaona mambo yaliyowasikitisha. Walikuwa wamewaona watoto walioungua motoni wakapona vibaya, shingo imegandamana na kifua; watu walioumwa na wanyama wa porini; na wagonjwa wa ukoma waliopooza mikono. Wengi wao wangaliweza kutibiwa lau wangalifikiwa mapema. Chama chao kimesimulia kwamba wakati huo katika Afrika ya Mashariki daktari mmoja alihesabiwa kwa watu 30,000, ilhali Uingereza daktari mmoja alikuwa kwa watu 1,000. Tena hao wachache walikaa mijini, na hospitali nyingi za mashambani zilikuwa za misheni, mbali kabisa na barabara nzuri, bila ya simu.

Shauri waliloafikiana lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda. Ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari amfikie mgonjwa. Na ikiwa barabara hakuna, na apite hewani. Mwaka 1957 chama kikaundwa, kikaja kujulikana kwa jina la AMREF, na leo kinaitwa Amref Health Africa. McIndoe hakukaa sana baada ya hapo, kwani alifariki mwaka 1960. Rees aliendelea na kazi yake Marekani akikisaidia chama. Mzigo wa kila siku ukamwangukia Wood.

Wood alijifunza kurusha ndege, akawa rubani na daktari kwa wakati mmoja. Alikuwa akitua kwenye viwanja vya majani vilivyofyekwa kwa panga, akapasua wagonjwa katika hospitali ndogo za misheni, kisha akaruka tena kabla jua halijatua. Baadaye zikatandazwa redio za kuitana, hata hospitali na zahanati zaidi ya mia moja zikawa zaweza kuzungumza na Nairobi, kuuliza shauri la matibabu au kuomba ndege. Kwa mkunga aliye peke yake usiku katika nchi kame, mbele yake mama anatokwa na damu, ile sauti ya redio ilikuwa ni faraja kubwa.

Sisi watu wa pwani tulionja matunda ya kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1964 alijiunga na chama hicho daktari wa kike aliyezaliwa Ufaransa, Anne Spoerry, aliyekuja kuitwa Mama Daktari. Yeye naye alirusha ndege yake mwenyewe, na visiwa vya Lamu vilikuwa katika mzunguko wake. Watu wazima wa huko wangali wanakumbuka chanjo alizowapa utotoni. Alifariki mwaka 1999, na baada ya kufa kwake yamezuka maneno mazito juu ya mambo yaliyotendeka ujanani mwake katika kambi ya wafungwa wakati wa vita vya Ulaya. Hicho ni kisa kingine, na hukumu yake ni kwa Mola.

Hadi hapa, msomaji wangu, hadithi ni ya ushujaa, nayo hupendeza kusimuliwa. Lakini mimi naona utamu wa maisha ya mtu huyu uko katika sehemu ya pili, ambayo haina ndege wala redio.

Natufanye hesabu ya kitoto. Ndege ikifika mahali mara moja kwa mwezi, mwezi una siku thelathini. Siku ya kwanza daktari yupo. Siku zile ishirini na tisa zilizobaki ni za nani? Mtoto akishikwa na kuhara usiku wa siku ya tano, hatangoja. Kuhara humkausha mtoto mchanga kwa siku moja au mbili akafa, na dawa yake ya mwanzo si kisu wala sindano: ni maji safi yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo, akanyweshwa kidogo kidogo. Homa ya malaria nayo haina subira. Surua haitibiwi na mpasuaji, bali huzuiwa na chanjo. Njaa ya mtoto huanza polepole, na anayeiona mapema ni yule anayemwona mtoto huyo kila wiki. Magonjwa yaliyokuwa yakiijaza makaburi ya watoto Afrika ya Mashariki yalikuwa ni haya, na mengi yao daktari wa angani aliyakuta yamekwisha kufanya kazi yao.

Taveta yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa funzo hilo, tena miaka ileile ambayo Wood alikuwa akijifunza urubani. Baina ya miaka 1954 na 1959 ulifanywa mpango mkubwa wa kupambana na malaria katika Taveta na Upare, pande zote mbili za mpaka. Nyumba zilipuliziwa dawa ya kuua mbu iitwayo dieldrini, na wataalamu wakahesabu vijidudu katika damu za watu. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Malaria ilishuka sana na vifo vya watoto vikapungua. Kisha upuliziaji ukasimama mwaka 1959, na kwa miaka iliyofuata malaria ikaanza kurudi polepole. Sisemi hivi kuwalaumu wataalamu wale. Kazi yao ilikuwa ya elimu na ilifundisha mengi. Nasema tu kwamba jambo jema likiletwa na wageni bila ya kuachiwa mwenyeji wa kuliendeleza, huondoka pamoja nao.

Fikra hii haikuwa ya Wood peke yake. Ilikuwa imeenea duniani katika miaka ya sabini. Wachina walikuwa wamewafunza wakulima wao elimu ya msingi ya tiba, wakawatuma mashambani, wakaitwa madaktari wa miguu mitupu. Hapa kwetu Kenya Dakta Miriam Were alifanya kazi na wanavijiji wa Kakamega katika miaka hiyohiyo ya sabini, akaonyesha kwamba watu wa kawaida wakifunzwa wanaweza kuibadili afya ya jirani zao. Mwaka 2008 akatunukiwa nishani ya Hideyo Noguchi na serikali ya Japani. Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, wakaafikiana kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote, na kwamba mhudumu atokaye katika jamii yenyewe ni nguzo yake.

Jambo la kumsifia Wood ni kwamba hakuufunga mlango. Mtu aliyejenga jina kwa ndege angaliweza kushikilia ndege, maana wafadhili hupenda kutoa fedha kwa kitu kinachong'aa. Badala yake, chama kilichokuwa mikononi mwake kiligeuza uso katika miaka hiyo ya sabini. Kikaanza kuwafunza wauguzi na maafisa wa tiba wa mashambani, kikapiga chapa vitabu vya mafunzo kwa ajili yao, kisha kikaingia katika kazi ya kuwafunza wahudumu wa vijijini. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Kibwezi, mji tunaoupita sote tukienda Nairobi. Huko, mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya themanini, AMREF ikishirikiana na Wizara ya Afya iliwafunza wanavijiji waliochaguliwa na wenzao.

Neno hilo, waliochaguliwa na wenzao, ndilo lenye uzito. Wanakijiji hukaa baraza, wakataja mtu wanayemwamini: mtu asiyetangaza siri za watu, asiyedharau maskini, ambaye kina mama wanaweza kumfungulia mlango. Mtu huyo hufunzwa kwa lugha yake mambo machache yaliyo muhimu, kisha hurudi kukaa nyumbani kwake palepale. Hana koti jeupe. Akimwambia jirani achemshe maji ya kunywa, jirani humjua, na anajua kwamba hata yeye huchemsha. Nguvu yake iko katika kuaminiwa, na uaminifu haushuki kwa ndege.

Wood alikiongoza chama hadi mwaka 1985. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha Sir, naye badala ya kupumzika akashirikiana na David Campbell kuasisi chama kingine, FARM-Africa, cha kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji. Naona hatua hiyo ilitoka katika fikra ileile: mpasuaji alikuwa ameufuata ugonjwa nyuma hadi kwenye chungu kitupu. Miaka miwili baadaye, 1987, akafariki.

Huenda msomaji akaniuliza, na ana haki, kwa nini nimsifu mzungu aliyekuwa na shamba katika ardhi ya Waafrika zama za ukoloni. Sitalifunika jambo hilo. Katika miaka ya hamsini Wood alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Capricorn, kilichohubiri kwamba watu wa rangi zote waishi pamoja kwa heshima. Kwa mlowezi wa wakati ule, maneno hayo yalikuwa ya kishujaa, na walowezi wenziwe wengi hawakuyapenda. Lakini chama hicho hakikutaka kila mtu mzima apige kura sawa na mwenziwe. Kilitaka kura zipimwe kwa elimu na mali. Waafrika wengi walikitazama kama kizuizi cha uhuru, na historia ikawapa haki. Basi Wood alikuwa mtu wa zama zake, aliyeona mbali katika tiba kuliko alivyoona katika siasa. Dini yetu imetufunza kuichukua hikima popote tuikutapo, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Na hikima hii kwa hakika ni yetu kabla ya kuwa yake. Sisi tuliokaa chuoni kwa miaka tumesoma kwamba kuna faradhi ya kila mtu na faradhi ya kutoshelezana, ile ambayo wakiifanya baadhi huwaondolea wengine dhima, na isipofanywa na yeyote mji mzima huwa na dhambi. Imam Ghazali ameitaja tiba katika faradhi hiyo ya pili, na akalalamika kwamba watu wa zama zake walikuwa wakisongamana katika elimu ya fiqhi kwa kutaka vyeo, ilhali ilikuwako miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Alifariki mwaka 1111, na lalamiko lake lingali linatufaa.

Kadhalika tumesoma habari za Bibi Rufaida wa Madina, aliyekuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwatibu majeruhi na kuwahudumia wasiokuwa na mtu. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, Mtume aliamrisha apelekwe kwenye hema lake. Tazama mahali penyewe lilipokuwa hema hilo. Halikuwa mbali na watu, wala halikungoja mgonjwa asafiri. Lilikuwa pale watu wapitapo mara tano kwa siku. Bibi huyo, kwa lugha ya leo, alikuwa mhudumu wa afya ya jamii.

Sasa natuurudie upande wetu wa mlima. Serikali ya Kenya iliuingiza mpango wa afya ya jamii katika sera yake rasmi mwaka 2006. Kwa miaka mingi wahudumu hao walikuwa wa kujitolea, wakafanya kazi bila ya mshahara, wakishukuriwa kwa fulana na kofia siku za sherehe. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwazindua upya wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia na simu za kuandikia taarifa, kila mmoja akipangiwa nyumba kama mia moja. Posho iliyotangazwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ikatiwa sahihi.

Kwa mahali kama Njukini kazi ya mhudumu si ndogo. Huzunguka nyumba zake, akaandika nani ana mimba na nani amejifungua. Humvalisha mtoto ule utepe wa rangi kwenye mkono wa juu. Ukisoma nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na lazima apelekwe kituoni. Humfuata mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa, kwa maana dawa za maradhi hayo ni za miezi, na mtu akipata nafuu hudhani amepona. Huwaonya watoto wasicheze katika mifereji ambamo konokono wa kichocho wanaweza kuwamo, na huhimiza choo kichimbwe. Na kwa kuwa mpaka uko karibu na jamaa huoana huku na huku, lazima akumbuke kwamba surua haina pasi ya kusafiria: mtoto aliyekuja kumtembelea bibi yake kutoka Rombo naye aulizwe kadi ya chanjo.

Yote hayo hufanywa na mtu mwenye shamba lake, watoto wake na njaa yake. Hapo ndipo penye jambo linalonikera. Shilingi 5,000 si fedha nyingi, na bado wahudumu wa kaunti mbalimbali wamelalamika mara kwa mara kwamba posho hukawia. Tena mwaka 2025 Marekani ilipokatiza misaada yake, kazi nyingi za afya zilizotegemea fedha hizo nchini zilitikisika, na kazi za wahudumu wa vijijini zikiwamo. Tuliokuwa tukisifu miradi tulijionea jinsi kitu kilichoegemea ukuta wa jirani kiangukavyo jirani abomoapo ukuta wake.

Kujitolea ni ibada, sikatai. Lakini ibada ya mtu si ruhusa ya kumla jasho. Tumefunzwa kumlipa mtenda kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la apandaye vilima vya Taita au akatishaye mashamba ya Taveta hukauka upesi kuliko karatasi za ofisini. Mhudumu akichoka akaacha, kituo hakitafungwa siku hiyo, wala gazeti halitaandika. Itakuwa tu kwamba mtoto mmoja hakuchanjwa, mama mmoja alichelewa, mgonjwa mmoja aliacha dawa. Hasara yake huja kimya, kama alivyokuwa akija yeye.

Nasi wa mijini tusijidanganye kwamba habari hii ni ya mashamba. Vitongoji vya Mombasa vina nyumba ambazo hospitali haizioni ijapokuwa taa zake zaonekana kutoka uani. Kamati za misikiti yetu zina madrasa zenye walimu, zina kina mama wenye darsa zao, zina zaka na sadaka. Ni jambo gani lingetuzuia kumwita mhudumu wa mtaa baada ya darsa awaeleze kina mama juu ya kliniki ya wajawazito, au kumkimu kwa kiasi posho yake inapokawia? Hema la Bibi Rufaida lilikuwa msikitini. Sisi tumelitoa, hatujui lini, na hatujalirudisha.

Dakta Wood amekwisha kwenda mbele ya haki, na ndege za chama chake zingali zinaruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuwachukua wagonjwa mahututi. Zina kazi yake na zina heshima yake. Lakini anayeitwa na ndege ni yule aliyekwisha kuzidiwa. Wale ambao hawakuzidiwa kwa sababu mtu alibisha hodi mapema hawahesabiki, kwa kuwa hakuna anayeandika jina la mtoto ambaye hakuugua. Kuiokoa nafsi moja, tumefunzwa, ni kama kuwaokoa watu wote. Basi akipita mlangoni kwako mwenye mkoba begani, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, na umjibu anayokuuliza. Na wenye mamlaka ya kumlipa, wamlipe.